Tuuze Shamba la Michungwa Tumpeleke Baba India?

BARUA

Shikamoo Sista,

Mimi ni binti wa miaka 34, naandika kutoka Muheza, Tanga. Nimekuwa nikisoma matatizo ya wenzangu kwenye safu yako, leo zamu yangu imefika.

Baba yetu ana miaka 66. Kisukari anacho tangu 2009, na presha juu yake. Sigara alianza kuvuta ujanani alipokuwa utingo wa malori ya machungwa. Anasema ameacha, lakini naona haya kukuficha, bado namkuta nyuma ya banda la kuku na kipisi mkononi. Mwaka juzi alianza kulalamika kuwa mashavu ya miguu yanambana akipanda mlima kwenda msikitini. Anasimama, anajifanya anasalimiana na watu, maumivu yakitulia anaendelea. Tukasema ni uzee.

Miezi miwili na nusu iliyopita alijikwaa, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikachubuka. Hakijapona mpaka leo. Kidole cha pili nacho ncha imekuwa nyeusi kama kaa. Usiku halali. Anauning'iniza mguu nje ya kitanda, anasema akiupandisha unamuwasha kama umepakwa pilipili. Nikiamka alfajiri namkuta amesinzia kwenye kiti, miguu chini, kofia imemuanguka.

Tulimpeleka hospitali ya mkoa. Daktari alimshika mguu, akatafuta mapigo kwa vidole, akasema damu haifiki. Akatuandikia rufaa ya Dar akapimwe mishipa. Akasema pia kwamba kidole kinaweza kukatwa, na tukizembea, utakatwa mguu. Baba aliposikia neno "kukatwa" akachukua kiatu chake akatoka nje. Rufaa iko kabatini, hii ni wiki ya tatu.

Kaka yetu mkubwa yuko Maskati, ni dereva. Amempata wakala kwenye WhatsApp anayepeleka wagonjwa India kutibiwa kwa stemu seli. Bei ni dola 9,500, humo kuna tiketi, hoteli na dripu tatu. Ametutumia video ya mzee aliyekuwa kwenye kiti cha magurudumu, sasa anatembea. Wakala anasema seli zinaotesha mishipa mipya, na kwa dripu hizo hizo kisukari kinapona, figo zinasafishika na nguvu za kiume zinarudi. Anataka nusu ya pesa kabla ya mwisho wa mwezi, eti ofa inaisha. Kaka anayo nusu. Nusu nyingine anataka tuuze shamba la michungwa, ekari tatu, ambalo ndilo linalotulisha.

Mama hataki kusikia habari ya kuuza. Shangazi naye anasema India ya nini, yeye anauza pakiti za unga wa stemu seli za tofaa la Uswisi. Ameshamletea Baba maboksi mawili kwa mkopo.

Sista, tiba hii ni ya kweli au ni utapeli? Nikipinga halafu Baba akakatwa mguu, kaka hatanisamehe maisha. Nifanyeje?

Binti wa Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Kabla sijagusa India wala Uswisi, naomba uinuke sasa hivi ukaitoe hiyo rufaa kabatini uiweke mezani. Wiki hizo tatu zinanitisha kuliko wakala.

Nilifanya kazi kliniki ya kisukari miaka mingi, na mgonjwa anayelala mguu ukining'inia tulikuwa tunamtambua kabla hajavua soksi. Mishipa inayopeleka damu mguuni imejaa mafuta na chokaa, njia imebaki nyembamba. Akiutundika mguu chini, uzito wa damu yenyewe unasaidia kidogo kuishusha kwenye vidole, ndiyo maana anapata nafuu. Akiupandisha kitandani ule msaada unaondoka, nyama inalilia damu, na hiyo ndiyo pilipili anayoisema. Ile ya kusimama njiani akijifanya anasalimia watu ilikuwa hatua ya kwanza ya ugonjwa huu huu. Wazee wengi wanaificha hivyo hivyo, mimi baba yangu mwenyewe alikuwa anainama kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe vilikuwa ndara.

Maumivu ya mguu uliopumzika yakizidi wiki mbili, pamoja na kidonda kisichofunga na kidole kilichoanza kuwa cheusi, ina maana mguu uko hatarini kweli. Sehemu nyeusi imeshakufa. Ikiwa kavu tunapata siku chache za kujipanga. Ikianza kulowa, kunuka, wekundu ukapanda juu ya unyayo, au Baba akapata homa na kutetemeka, hiyo ni donda ndugu yenye maambukizi: msisubiri rufaa wala basi la asubuhi, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Na mguu wote ukibadilika ghafla kuwa wa baridi na mweupe, vivyo hivyo.

Sasa seli shina, ndizo hizo stemu seli za wakala. Umeuliza ni kweli au ni utapeli, na jibu langu litakuudhi kidogo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio wanaoutumia kuwavuta watu.

Seli shina ni seli changa ambazo bado zinaweza kujigawa na kukua kuwa seli za aina nyingine. Kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa, ziko zinazotengeneza damu kila siku. Kutibu magonjwa ya damu kwa kupandikiza uloto ni tiba halali kabisa, hata kwetu ipo: Muhimbili walianza mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wanapandikiza watoto wenye selimundu. Kwa hiyo mtu asikwambie seli shina ni uchawi.

Kwenye mishipa ya miguu hadithi ni nyingine. Mwaka 1997 watafiti wa Boston walionyesha kwamba kwenye damu ya mtu mzima kuna seli zinazoweza kugeuka kuwa seli za ukuta wa mishipa. Watu wakapata matumaini makubwa. Mwaka 2002 madaktari wa Japani wakachapisha matokeo kwenye jarida la Lancet: waliwatoa wagonjwa uloto wao wenyewe, wakachuja seli, wakazidunga kwenye shavu la mguu mgonjwa. Maumivu yakapungua, watu wakatembea mbali zaidi. Wagonjwa hawakufika 50, lakini habari ilienea, na matangazo mengi unayoyaona leo bado yanaishi kwa mtaji wa habari ile.

Kilichofuata hakimo kwenye video ya wakala. Huko Utrecht, Uholanzi, walichukua wagonjwa 160 wenye hali kama ya Baba. Wote walitolewa uloto. Nusu wakapewa seli zao kupitia mshipa wa paja, mara tatu, nusu wakapewa kimiminika kinachofanana kwa rangi lakini hakina seli hizo, na mgonjwa hakujua amepewa kipi. Matokeo yalitoka 2015. Baada ya miezi sita, waliokatwa mguu upande wa seli walikuwa asilimia 19, na upande mwingine asilimia 13. Tofauti hiyo haitoshi kusema seli ziliwadhuru, ila hakuna anayeweza kuitumia kusema ziliwasaidia. Cha ajabu, pande zote mbili kuna waliopata nafuu ya maumivu na vidonda. Mtu anayehudumiwa vizuri, anayesafishwa kidonda na kufuatiliwa, hupata nafuu hata dripu ikiwa haina kitu. Huyo mzee wa kwenye video anaweza kuwa mmoja wao, na anaweza kuwa hajawahi kuugua mishipa hata siku moja.

Kampuni moja ya Israeli, Pluristem, ilijaribu seli za kondo la nyuma kwa wagonjwa zaidi ya 200 katika nchi kadhaa. Mwaka 2020 kamati iliyokuwa ikichungulia matokeo ikasema utafiti hauelekei kufikia lengo lake, wakasimamisha.

Wakala wako akiwa mjanja atakujibu: mbona India wameidhinisha? Ni kweli, na sitakuficha. Mamlaka ya dawa ya India iliruhusu dawa moja ya seli shina za uloto, inaitwa Stempeucel, mwaka 2016 kwa masharti, kwa ugonjwa wa Buerger, kisha 2020 wakaongeza na wenye mishipa iliyozibwa na mafuta. Lakini iangalie ilivyo. Kwanza, Buerger ni ugonjwa wa mishipa unaowapata hasa vijana wavuta sigara, Baba hayuko hapo, yeye ni wa kundi lile lililoongezwa 2020. Pili, dawa hiyo hudungwa kwenye nyama ya shavu la mguu, haitundikwi kama dripu. Seli shina za aina hiyo zikimwagwa kwenye mshipa wa mkono, nyingi hunasa kwenye mapafu kabla hata hazijaota ndoto ya kufika kwenye kidole gumba. Tatu, inafikiriwa kwa mgonjwa ambaye daktari wa mishipa ameshaangalia na kuona hakuna njia ya kuizibua. Baba hajaangaliwa bado. Mnataka kununua dawa ya mwisho kabla hamjajua kama ya kwanza inawezekana.

Halafu hiyo orodha: mguu, kisukari, figo, nguvu za kiume, dripu moja. Miongozo ya India yenyewe, ya 2017, inasema ukiacha upandikizaji wa uloto kwa magonjwa ya damu na mengine machache, matumizi ya seli shina ni utafiti, na mgonjwa wa utafiti hatakiwi kutozwa. Marekani, ambako kliniki hizi zimejaa, wanawake watatu wa Florida walipoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo yao. Walikuwa wamelipa. Kisa chao kilichapishwa na madaktari 2017.

Muandikie wakala maswali haya, kwa maandishi ili yabaki kwenye simu. Jina la dawa na namba yake ya usajili ni ipi? Seli ni za nani, za Baba au za mtu mwingine? Zinadungwa wapi? Jina la daktari bingwa wa mishipa atakayempokea ni nani, na anataka kuona picha gani za mishipa kabla ya safari? Kidonda kikioza wiki ya pili baada ya kurudi, nani anamhudumia na kwa gharama ya nani? Akikujibu kwa sauti ya dakika nne iliyojaa "mungu ni mwema, ofa inaisha", umeshajibiwa. Mimi nimewahi kumuuliza mmoja kwa niaba ya jirani, akaniblok.

Kwa shangazi nitakuwa mfupi. Unga wa tofaa ukimezwa unasagwa tumboni kama ugali. Seli ya mti wa tofaa haiwezi kuwa mshipa wa mtu wa Muheza. Tofaa hilo la Uswisi lipo kweli, linatumika kwenye krimu za uso, na safari yake inaishia usoni. Usimvunjie heshima shangazi mbele ya watu, huenda na yeye kaingizwa mjini na anadaiwa maboksi. Mrudishieni yaliyofungwa. Lililofunguliwa msome nyuma kama lina sukari, na mwambieni daktari kwamba Baba amelinywa.

Turudi Dar. Kipimo cha kwanza hakiumi. Wanapima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu kwa kifaa cha dopla kinachotoa sauti ya damu, "shu, shu, shu". Wanagawanya ya mguu kwa ya mkono. Kawaida ni kati ya 1 na 1.4, chini ya 0.9 mishipa imeziba kiasi, chini ya 0.4 hali ni mbaya. Ila kwa mwenye kisukari cha siku nyingi kuna mtego: ukuta wa mshipa unakuwa mgumu kama bomba la chuma, mashine inashindwa kuubana, namba inatoka nzuri ya uongo. Ukiona wamesema 1.5 na kidole ni cheusi, uliza kwa adabu kama wanaweza kupima presha ya kidole chenyewe. Baada ya hapo watataka picha ya mishipa kwa CT au anjiografia. Kwa sababu ina dawa inayopita kwenye figo, wakumbusheni kuhusu kisukari chake na wapime figo kwanza.

Picha ndiyo itakayoamua. Kama mziba ni mfupi, daktari anaweza kupitisha waya mwembamba kuanzia kinenani, akajaza kiputo, yaani puto dogo, ndani ya mshipa ili kuutanua, pengine akaacha kijibomba cha kuushikilia wazi. Kama ni mrefu, wanaweza kuchukua mshipa mwingine wa mguu huo huo wakaunga njia ya mchepuko kupita palipoziba. Damu ikishafika ndipo kidonda kinapona, na ndipo kukata kidole kunakuwa kukata kidole tu. Kidole kikikatwa damu ikiwa haifiki, jeraha halifungi, wanarudi kukata juu zaidi. Ndiyo sababu mtu akikatwa kidole kienyeji mnasikia "kansa imepanda". Hakuna kansa hapo.

Na dawa za kila siku muulize daktari: aspirini au klopidogreli ya kuzuia damu kuganda, na statini ya kupunguza mafuta kwenye damu. Wagonjwa wengi wa miguu ninaowajua walikuwa hawajaandikiwa. Mwenye mishipa ya mguu iliyoziba, ya moyo na ya kichwa nayo haiko salama, dawa hizo zinamlinda kote.

Nyumbani, kuanzia leo: msimuogeshe mguu kwa maji ya moto ya chumvi, msimkande, msimuwekee chupa ya moto. Mwenye kisukari ganzi humdanganya. Nimempokea mzee aliyeota mguu kwenye jiko la mkaa mpaka ngozi ya kisigino ikabaki kwenye soksi, na hakuhisi chochote. Msimfunge bandeji ya kubana. Kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi ya hospitali, kifunikwe shashi kavu, kisitiwe asali wala unga wa kidonge. Mguu wa kulia nao mkague kila jioni, katikati ya vidole, kwa tochi ya simu. Na ile sigara ya banda la kuku, mwambie Sista amesema akiendelea kuvuta kabla na baada ya kuzibuliwa mshipa, anaweza kuwa amepoteza kazi yote ya daktari. Asione haya, wampe msaada wa kuacha, watu wanashindwa mara nne wanaweza ya tano.

Sasa neno lenyewe, kukatwa. Siwezi kukuahidi halitakuwepo. Ila kaa na Baba muongee wawili, si mbele ya ukoo. Mwambie kukatwa chini ya goti na kukatwa juu ya goti ni mambo mawili tofauti. Anayebaki na goti lake ana nafasi kubwa ya kutembea tena kwa mguu wa bandia, na hapo jirani, Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia tangu 1981. Anayechelewa ndiye anayepoteza goti. Nadhani aliposikia kukatwa alisikia kuzikwa. Mwache aseme mwenyewe anachoogopa. Kwa mzee mmoja tuliyemlea ilikuwa kusujudu, akaelezwa na shekhe wake jinsi ya kuswali kwa kukaa, akasaini fomu jioni ile.

Kaka yako msimshinde kwa maneno. Yuko mbali, anaumia, na pesa ndiyo mkono pekee alionao. Mpe kazi: nusu yake ya dola, hata robo ya hiyo nusu, ni nauli, malazi ya wawili Dar, vipimo na pengine sehemu ya kiputo. Ulizeni kabla bei za Muhimbili na za Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na kama mna bima mkathibitishe inachofunika. Pakipungua, ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali ndipo pa kugonga. Baada ya picha, daktari wa mishipa akisema kwa mdomo wake kwamba hakuna mshipa wa kuzibua, mwulize kuhusu seli shina na kama kuna utafiti halali wa kumuingiza Baba. Hapa nchini utafiti kama huo lazima uwe na kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na ruhusa ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Baba halipii seli. Hapo tutaongea habari za India tena, mimi na wewe na kaka. Shamba liendelee kuzaa.

Kuhusu safari: siti ya mbele, mguu uwe chini anavyopenda, kiatu kipana au ndara juu ya soksi safi ya pamba, shashi za kubadilisha kwenye mfuko. Nakala mbili za rufaa. Orodha ya dawa zote, na zile pakiti za shangazi zimo kwenye orodha. Ukishapata ile namba ya kipimo cha presha ya mguu, niandikie.